Maua ya Bustanini (Sehemu ya Tatu): Kana, Jamaa wa Mgomba

Katika sehemu iliyopita tulizungumzia maua yanayovumilia ukame. Leo tugeukie mmea usiopenda kiu hata kidogo: kana. Ni ule wenye majani mapana, ya kijani au ya zambarau iliyokoza, na maua mekundu, ya manjano au ya rangi ya chungwa yanayoweza kufika juu ya kichwa cha mtu mzima. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, ambako aina zake nyingi huota penye unyevu.

Wataalamu wa mimea huiweka kana katika oda moja na mgomba na tangawizi, na undugu huo ndio ufunguo wa kuitunza. Kama ilivyo kwa mgomba, shina unaloliona hutoa maua, kisha kazi yake imekwisha. Mmea wenyewe uko chini ya ardhi, kwenye viazi vilivyoungana vinavyotoa machipukizi mapya. Basi shina likimaliza maua yake yote, likate karibu na ardhi bila huruma. Ukiliacha, linawabania nafasi wadogo zake.

Kupanda, chagua kipande cha kiazi chenye macho mawili au matatu. Kifukie kina cha sentimita 10 hivi, na kutoka kipande hadi kipande uache sentimita 50. Mahali pawe pa jua kwa saa 6 au zaidi kwa siku. Kivulini utapata majani tu. Tia samadi iliyooza vizuri, kwani kana ni mlaji. Maji usiyaonee choyo: mmea huu hupandwa hata kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka, ambako mizizi yake hufyonza naitrojeni na fosforasi. Baada ya miaka miwili au mitatu shada likisongamana, ling’oe, ligawe, upande upya.

Mbegu nazo huota, ila kwa kuzilazimisha. Ni nyeusi na ngumu mno. Kwa ugumu huo, Zimbabwe hutiwa ndani ya hosho, kayamba za kibuyu zinazoandamana na ala ya mbira. Kabla ya kuzipanda, kwaruza ganda la mbegu kwa msasa mpaka weupe uonekane, kisha loweka katika maji ya uvuguvugu siku nzima. Lakini mbegu za kana chotara hazirudishi rangi ya mama. Ukitaka ua lile lile, panda kiazi.

Wasomaji wetu wa Ulaya na Amerika Kaskazini wang’oe viazi kabla ardhi haijaganda, wavihifadhi ndani ya mchanga mkavu kidogo, mahali pasipofikiwa na barafu, hadi majira ya kuchipua.

Sehemu ijayo itahusu maradhi: kutu ya majani, na virusi vinavyotia michirizi ya manjano. Virusi hivyo havina dawa na husafiri ndani ya kiazi. Kwa hiyo kabla ya kupokea kipande kwa jirani, kagua kwanza majani ya shada kilikotoka.