Wingu Halijibu Rada

Alasiri ya Novemba, anayesimama sokoni Kikima huona mawingu yakijijenga juu ya vilima vya Mbooni. Hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hugonga miinuko hiyo, ikapanda, na joto la mchana likaisukuma zaidi. Mkulima wa Makueni hufurahi, kwa kuwa mvua ya vuli ndiyo tegemeo lake kubwa. Kwa ndege zinazopita anga ya Ukambani kati ya Nairobi na Mombasa, wingu hilohilo ni ukuta.

Kuuruka ukuta huo si rahisi. Wingu la radi la tropiki huweza kuzidi futi 45,000, ilhali ndege nyingi kubwa za abiria husafiri kati ya futi 30,000 na 40,000. Ndani yake mna mvua ya mawe na mikondo mikali ya hewa. Rubani huomba kuchepuka, akijitahidi kukaa maili 20 za baharini, kama kilomita 37, kutoka kwenye dhoruba kali.

Hapo ndipo mwongozaji ndege anapotoka jasho. Rada anayoitegemea huuliza, na kifaa kilichomo ndani ya ndege hujibu kwa kutaja namba na kimo. Wingu halina cha kujibu. Rubani ana rada yake ya mvua puani mwa ndege. Mmoja anaiona dhoruba vizuri, mwingine anaona msongamano wote. Maneno machache ya redio ndiyo yanayowaunganisha.

Katika safari za juu zinazofuatwa kwa rada, kipimo cha kawaida ni maili 5 za baharini kati ya ndege na ndege, au futi 1,000 kwa kimo. Maili 5 zaonekana nyingi. Lakini ndege mbili zinazokabiliana, kila moja ikienda kilomita 800 kwa saa, huzimaliza kwa sekunde 20 hivi! Ndiyo maana kabla ya kumruhusu rubani apinde kushoto, mwongozaji makini huwa ameshaitenga kwa kimo ndege iliyo upande huo.

Dhoruba ikiukalia uwanja wenyewe, ndege hupangwa kama ghorofa, futi 1,000 kati ya moja na nyingine, kila moja ikizunguka kwa dakika nne hivi. Ya chini ikiitwa kutua, zilizo juu hushuka ngazi moja moja.