Somo la Kumi na Mbili: Kumsaidia Kijana Kabla Akili Haijaugua

Fungueni karatasi zenu, na kila mmoja afuate kwa kidole huku akisikiliza.

Leo twazungumza juu ya jambo ambalo watu wengi hulisema kwa kunong'ona. Kuna ugonjwa wa akili ambao waganga wa hospitali huuita saikosisi. Mgonjwa husikia sauti zisizosikiwa na mwingine, au huamini mambo ambayo hayapo, kama vile kwamba majirani wote wanamwinda. Mara nyingi ugonjwa huu huanza mtu akiwa kijana, baina ya kubalehe na miaka ishirini na kitu.

Lakini sikilizeni vizuri: mara nyingi hauji kwa ghafula. Hutangulia dalili ndogo ndogo. Kijana aliyependa wenzake ajitenga. Hapati usingizi. Masomo yamshinda. Asema, "Nadhani watu wananicheka, lakini labda ni mawazo yangu tu." Neno hilo "labda" ni neno kubwa. Maana yake ni kwamba kijana bado ana shaka, na mlango wa kumsaidia bado uko wazi. Tena, si kila mwenye dalili hizi atakuwa mgonjwa. Walio wengi hawafiki huko.

Sasa natutazame walivyofanya watu wa mji mmoja. Huko Portland, katika jimbo la Maine, Marekani, Daktari William McFarlane na wenzake walianzisha kazi ya kuwatafuta vijana wa namna hii mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hawakungoja hospitalini. Waliwafundisha walimu, wauguzi wa shule na madaktari kuzijua dalili. Kijana alipopatikana, hakuitwa peke yake. Aliitwa yeye na wazazi wake, wakaketi pamoja na jamaa nyingine kadha zenye shida kama yao.

Kundi hilo hukutana kila baada ya wiki mbili, kwa dakika 90. Dakika 15 za kwanza ni za mazungumzo ya kawaida tu: mpira, mapishi, hali ya hewa. Je, huo ni mchezo? La. Kijana aliyezoea kujificha anajifunza tena kuongea na watu. Kisha jamaa zote hueleza habari zao, moja baada ya nyingine, kwa jumla ya dakika 20. Halafu huchaguliwa shida moja tu, nayo hushughulikiwa kwa dakika 45. Mwisho huagana kwa mazungumzo mepesi.

Shida hiyo hushughulikiwaje? Tuchukue mfano. Tuseme kijana hataki kupanda basi la shule, kwa kuwa anaona abiria wanamsema.

Hatua ya kwanza: taja shida kwa maneno machache. Si "mtoto huyu ni mvivu," bali "anaogopa basi."

Hatua ya pili: kila mtu atoe shauri lake, na yote yaandikwe. Hapana kucheka shauri la mtu. Mmoja asema aende kwa miguu. Wa pili asema asindikizwe na ndugu yake. Wa tatu asema akae karibu na dereva.

Hatua ya tatu: pimeni kila shauri, faida yake na hasara yake.

Hatua ya nne: kijana mwenyewe na jamaa yake wachague.

Hatua ya tano: pangeni nani atafanya nini, na siku gani.

Hatua ya sita: mkutano ujao, ulizeni kama limefaa. Kama halikufaa, hapana lawama, jaribuni jingine.

Mwaona kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Mzazi aliyedhani yuko peke yake amekuta wenzake, na kijana amesikia mwingine akisema, "Hata mimi yalinipata."

Basi, nyumbani kwako ufanye nini? Kwanza, sema naye kwa sauti ya chini, na maneno mafupi. Makelele na matusi humzidishia shida. Pili, asaidiwe apate usingizi wa kutosha. Tatu, mwepushe na bangi, kwa sababu huongeza hatari ya ugonjwa huu. Nne, usimpige wala usimfunge kamba. Tano, mpeleke hospitali mapema, wala usingoje mpaka avue nguo njiani. Akitaja kutaka kufa, mpeleke siku ile ile, wala usimwache peke yake.

Na wewe mama, wewe baba, usijilaumu. Ugonjwa huu hauletwi na malezi mabaya. Lakini malezi ya upole ni sehemu ya dawa.

Maneno ya kujifunza
Dalili: alama inayoonyesha jambo linalokuja.
Kujitenga: kukaa mbali na wenzako.
Shauri: wazo linalotolewa ili kusaidia.

Maswali
1. Kwa nini neno "labda" ni neno kubwa?
2. Kwa nini kundi huanza kwa mazungumzo ya kawaida?
3. Chagueni shida moja ndogo ya darasa lenu. Ipitisheni katika hatua zote sita, na mwandike mliyokubaliana.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.