Seva ya Pili Haitakuokoa

Swali ni lile lile, na mwezi huu limenifikia tena hapa Kinanira, Bujumbura, safari hii kutoka kwa mhasibu wa shule ya binafsi: "Kaka, tovuti yetu inakwama wazazi wakiingia kwa wingi. Pesa ya seva ya pili tumeshapata. Tuweke kigawa mzigo gani, Nginx au HAProxy?" Kabla yake aliuliza mwenye duka la mtandaoni, na kabla ya huyo, jamaa wa kampuni ya mabasi. Wote walikuwa wameshachagua dawa. Ugonjwa hakuna aliyeupima.

Jibu la Nginx au HAProxy ni fupi: yoyote. Zote mbili ni za bure na zote zimekomaa. HAProxy ya Mfaransa Willy Tarreau ipo tangu 2001, Nginx ya Mrusi Igor Sysoev ilitoka hadharani 2004, na kwa tovuti ya shule hutaiona tofauti kati yao. Kilicho kibovu ni swali lenyewe. Ndani yake imejificha imani kwamba ukiweka proksi, yaani hicho kigawa mzigo, mlangoni na seva mbili nyuma yake badala ya moja, tovuti itakwenda mbio maradufu. Proksi hupokea ombi, huchagua seva, hupeleka, hurudisha jibu. Nguvu haiongezi. Mkazi wa Bujumbura hili halimpigi chenga: anayepanga foleni kwenye kituo cha mafuta, hata awe hodari vipi, haongezi lita moja ndani ya tangi.

Fungua logi, maana logi haina upendeleo. Nginx inaweza kuandika namba mbili kwa kila ombi: muda wote ambao ombi lilichukua, na muda ambao proksi ilikuwa ikisubiri jibu la seva ya nyuma. Katika logi moja niliyoletewa, mistari ilisomeka hivi: 8.214 na 8.213. Sekunde nane na ushei, na fungu la proksi ndani yake ni elfu moja ya sekunde. Ukurasa wenyewe ulikuwa wa salio la karo. Kila mzazi alipoufungua, hifadhidata ilisoma jedwali zima la malipo, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, ikimtafuta mwanafunzi mmoja, kwa sababu safu ya namba ya mwanafunzi haikuwekewa faharasa (index).

Sasa leta hiyo seva ya pili. Itauliza wapi? Hifadhidata ile ile, jedwali lile lile. Na hapa mambo huharibika zaidi ya mwanzo. Apache ya mtindo wa zamani, ile inayoendesha PHP tumboni mwake, huja ikiwa imeruhusiwa kuhudumia maombi 256 kwa wakati mmoja. MySQL huja ikiwa imeruhusiwa miunganisho 151. Zisome tena namba hizo mbili. Seva moja tu, ikijaa, yatosha kuizidi hifadhidata. Ukiongeza ya pili, maombi 512 yanagombea nafasi 151, na wanaokosa wanaandikiwa kwamba miunganisho imezidi. Umelipa fedha ili uanguke mapema zaidi.

Anayebisha na afanye hesabu. Mwaka 1961 John Little alithibitisha kanuni ambayo kila anayeuza seva angepaswa kuibandika ukutani: idadi ya maombi yaliyo ndani ya mfumo ni sawa na yanayoingia kwa sekunde, mara muda ambao kila moja linakaa. Maombi 50 kwa sekunde, kila moja likikaa sekunde 4, ni maombi 200 yamekwama ndani kwa pamoja. Weka faharasa, ombi lishuke hadi sehemu 2 za kumi za sekunde: yanabaki 10. Mstari mmoja wa amri umepunguza msongamano mara ishirini. Seva ya pili, hata hifadhidata isingekuwepo, ingeugawa kwa mbili tu.

Angalia pia wanaobeba mzigo mkubwa kweli. Siku Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, nchi nzima hushika simu kwa pamoja. Matokeo hayo hutolewa kama kurasa za kawaida zilizokwisha kuandikwa, kila shule na ukurasa wake. Hakuna haja ya kuiamsha hifadhidata kila mzazi anapogusa kioo. Ukurasa usiobadilika unaweza kunakiliwa ukawekwa popote, na proksi yenye kache ikautoa bila kumsumbua mtu wa nyuma. Huo ndio usanifu. Kuongeza mashine bila kujua zitafanya nini ni manunuzi.

Kuna dawa nyingine ya mitaani nisiyoweza kuiacha ipite: "mbandike mteja kwenye seva moja kwa anwani yake ya IP." Hutolewa pale wateja wanapoanza kutupwa nje ya akaunti zao, kwa kuwa sesheni iliandikwa seva ya kwanza na ombi lililofuata likaenda ya pili. Kwenye Nginx amri yake ni ip_hash, nayo kwa anwani za IPv4 huangalia tarakimu za mafungu matatu ya mwanzo tu. Hapa kwetu watu huingia intaneti kwa simu, na maelfu ya wateja wa kampuni moja ya simu hutoka nje kwa anwani chache za pamoja. Kwa macho ya proksi, mtaa mzima ni mtu mmoja. Seva moja inafurika, nyingine inapiga usingizi, na wewe unaniambia kigawa mzigo kimeharibika. Hakijaharibika, kimekutii.

Basi kigawa mzigo ni cha nini? Kina kazi mbili za heshima. Ya kwanza ni kifo cha seva: moja ikizima, watu waende kwa nyingine bila kujua. Ya pili ni kuzuia: kuwapanga watu mlangoni kabla hawajaikanyaga hifadhidata. Hii ya pili wengi hawaitumii kabisa, wakati HAProxy ina kipimo cha maxconn kwa kila seva kwa ajili hiyo hiyo. Anayesubiri mlangoni sekunde mbili akahudumiwa ana heri kuliko mia wanaoingia pamoja wakakosa wote.

Lakini hata hiyo kazi ya kifo inataka vifo visiwe vya pamoja. Seva mbili katika chumba kimoja, kwenye soketi moja na laini moja ya intaneti, hufa siku moja. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kwa pamoja, na sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ikaonja maana ya kuwa na vitu viwili vinavyopita njia moja.

Haya, kwa wanaotaka kazi, shika kalamu.

Pima kwanza: washa logi ya maswali mazito ya MySQL, nayo usiiache kwenye kiwango chake cha sekunde 10, maana hapo haitanasa karibu kitu; iteremshe hadi moja au nusu. Weka faharasa. Kurasa zisizobadilika zitie kwenye kache ya proksi. Hata kache ya sekunde moja huokoa, mradi ombi moja tu ndilo liruhusiwe kwenda kuijaza. Sesheni zitoe kwenye diski ya seva, uziweke Redis au kwenye hifadhidata; picha na mafaili yanayopakiwa yakae mahali seva zote zinapafikia. Hapo ndipo ulete seva ya pili.

Maombi yakiwa ya uzito usiolingana, chagua leastconn, inayopeleka ombi kwa seva yenye miunganisho michache zaidi. Ukaguzi wa afya uwe mwepesi: ukiifanya kila seva iulize hifadhidata kabla ya kusema "nipo", siku hifadhidata ikichelewa zote zitatangazwa maiti kwa mpigo. HAProxy kwa kawaida hukagua kila sekunde 2, hutoa seva ikishindwa mara 3, huirudisha ikifaulu mara 2. Kwa tovuti nyingi hiyo yatosha. Malipo ya simu, ya Lumicash au EcoCash, usiruhusu proksi iyarudie yenyewe. Nginx tangu toleo 1.9.13 hukataa kurudia ombi la POST lililokwisha kutumwa, na wapo wanaoliondoa katazo hilo kwa makusudi. Mzazi akikatwa karo mara mbili, mjibuni wenyewe. Proksi nayo iwe mbili, zikishirikiana anwani moja kwa programu ya keepalived, kila moja na umeme wake.

Mwisho, chomoa waya wa seva moja saa nne asubuhi, siku ya kazi, watu wakiwa ndani. Ukiogopa kufanya hivyo, bado huna kigawa mzigo, una mashine mbili na matumaini. Na kama hujafungua logi hata mara moja, usinipigie kuniuliza Nginx au HAProxy.