Mguu ukienda mbio, mkono usibaki nyuma

Kitambaa kingi kinachovuka mpaka wa Kobero, katika tarafa ya Butihinda, huvuka kikiwa hakina kazi yoyote juu yake. Hutoka Dar es Salaam kwa lori, hupita Ngara na Kabanga, huingia Muyinga, kisha huuzwa kwa mita. Jirani naye ana kitambaa hicho hicho, kwa hiyo mteja anabishana juu ya bei tu. Anayepata nafuu ni yule aliyeweka ua juu yake: foronya, shuka, kitambaa cha kochi, au mfarishi wa kitanda.

Ua hilo hushonwa kwa mshono huru. Katika ushonaji wa kawaida, meno ya cherehani hukivuta kitambaa mbele. Katika mshono huru meno hayafanyi kazi. Fundi mwenyewe hukisogeza kitambaa anakotaka, mbele, nyuma au kando.

Marekani na Ulaya, watengeneza mifarishi wana cherehani maalumu ya mkono mrefu. Kitambaa hutandazwa kwenye fremu inayoweza kufika mita 3 au zaidi, na mashine ndiyo inayosukumwa juu ya reli, kama kalamu juu ya karatasi. Ni chombo kizuri, lakini kinadai chumba kizima, umeme wa uhakika na mtaji mkubwa. Mwenye meza moja sokoni hana haja ya kuanzia huko. Cherehani ya kukanyaga hufanya kazi ile ile kinyume chake: kalamu imesimama, karatasi ndiyo inayotembea.

Kwanza, meno yashushwe. Cherehani nyingine hazina njia ya kuyashusha. Hapo yafunikwe kwa kibati chembamba na urefu wa mshono uwekwe sifuri. Mguu wa kukandamiza utolewe. Kitambaa kibanwe kwenye fremu ya duara mpaka kikigongwa kinalia kama ngoma, na upande wake wa chini ulale bapa juu ya cherehani. Uzi wa bobini uvutwe juu, mishono mitatu ipigwe mahali pamoja, ncha zikatwe. Ndipo safari ianze.

Kosa linalowatesa wanaoanza liko hapa. Kwa kuwa mguu umetolewa, mtu husahau kushusha ule mkono wa nyuma unaouteremsha. Usiposhushwa, uzi wa juu hauna mkazo, na chini ya kitambaa hujikusanya fundo kama kiota cha ndege. Wengi hulaumu uzi au bobini, hata wakafungua cherehani nzima, kumbe ni mkono huo tu.

Baada ya hapo ni suala la miguu na mikono kusikilizana. Mguu ukienda mbio na mkono ukasita, mishono hurundikana mahali pamoja. Mkono ukikimbia na mguu ukazembea, mishono inakuwa mirefu, sindano inapinda na kukatika. Fremu haizungushwi kama usukani; husogezwa tu, kama mtu anayeandika. Ndiyo maana zoezi zuri la mwanzo ni kuandika jina lako kwa mwandiko wa kuunganisha, kisha vitanzi, kisha majani. Maua yaje baadaye, yakiwa yamechorwa kwanza kwa penseli au chaki.

Zoezi lifanyike kwenye mabaki, si kwenye pisi ya mteja. Vipande viwili vya kitambaa na kipande cha blanketi kuukuu katikati ni mfarishi mdogo tayari. Kwa mfarishi mkubwa kwenye cherehani ya kawaida, mshono uanzie katikati kwenda pembeni, ili makunyanzi yasukumwe nje. Anayeanzia pembeni hujikuta na uvimbe katikati usiotoka tena.

Mchuuzi asiyeshona mwenyewe, anayenunua kwa mafundi ili avushe mzigo, ageuze kitambaa kabla ya kulipa. Mbele kila kazi inapendeza. Nyuma ndiko kunakoonekana nyuzi zilizolegea, na hizo hufumuka kwenye ufuo wa kwanza. Mteja wa Ngara atakayerudisha foronya hatamtafuta fundi, atakutafuta wewe.

Lipo pia la forodha. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani anaweza kutumia cheti cha uasili kilichorahisishwa, mradi bidhaa imezalishwa ndani ya Jumuiya na imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Lakini kitambaa kilichofumwa Asia hakigeuki kuwa cha Burundi kwa sababu tu kimetiwa ua. Ni vizuri kumwuliza afisa forodha pale Kobero kabla ya kununua robota zima, tena ukiwa umebeba sampuli moja mkononi.