Kamyo itayarishwe kabla ya matope ya Kasaji



Kila mwaka, kuanzia Oktoba hadi Aprili, barabara ya kutoka Kolwezi kwenda Mutshatsha, Kasaji na Dilolo inageuka kuwa kitu kingine. Mahali pengine ni mchanga mweupe wa Kalahari, ule unaofunika nyanda zetu za juu, laini kama unga. Mahali pengine ni udongo mwekundu ambao ukinywa maji unashika gurudumu kama bukari inavyoshika vidole. Treni haipiti kila siku, basi watu wengi wanapanda kamyo: mfanyakazi anayekwenda kuwaona wazazi wakati wa konji, fundi aliyetumwa Kisenge, mama mwenye magunia ya mihogo na makala.

Pengine mtauliza: ukurasa huu ni wa afya na usalama, kwa nini msaidizi wa mganga anatuletea habari ya mipira ya gari? Jibu ni hili. Katika watu wanaoletwa disipansere kutoka barabara hiyo wakati wa mvua, si wengi walioumia kwa sababu gari lilikimbia. Wengi waliumia wakati kamyo imekwisha kusimama, imezama, na watu wanahangaika kuitoa. Mkono uliobanwa na kamba, mguu uliopondwa kriki ilipoteleza, mtoto aliyeanguka kutoka juu ya magunia. Kamyo isiyozama haiumizi watu wa namna hiyo. Ndiyo maana kuitayarisha vizuri Kolwezi, kabla ya kutoka, ni dawa sawasawa na chanjo.

UPEPO WA MIPIRA

Kwanza tuelewe kwa nini gari linazama. Mashofere wanahesabu upepo wa mipira kwa kilo, na hesabu hiyo ina maana yake: ni kilo juu ya kila santimita moja ya mraba. Mpira wenye kilo 2 na nusu unakandamiza ardhi kwa karibu kilo 2 na nusu kila santimita. Ukipunguza upepo mpaka kilo 1 na robo, mpira unalala, unakuwa na wayo mrefu karibu mara mbili, na uzito ule ule unagawanyika mahali pakubwa zaidi. Mtu mzima akisimama kwa miguu yote miwili hafikishi hata nusu kilo kwa santimita. Kwa hiyo konvoyeri anatembea juu ya mchanga bila shida mahali ambapo kamyo imezama hadi shasi.

Wazungu wa nchi za baridi wanaijua sana hesabu hii kwa sababu ya theluji, ile mvua iliyoganda ambayo hata kwetu Kongo iko juu kabisa ya mlima Ruwenzori. Huko Aisilandi mafundi wanatia magari mipira mikubwa na mipana, na wakifika kwenye theluji ya kina wanateremsha upepo chini ya nusu kilo, gari linapita juu kama mtumbwi. Mwaka 2007 magari ya Toyota Hilux yaliyotengenezwa na mafundi hao yalipita juu ya bahari iliyoganda mpaka mahali ambapo ncha ya kaskazini ya sumaku ilikuwa mwaka 1996. Mchanga wa Kasaji si theluji, lakini kwa gurudumu ni ndugu yake.

Sisi tusiige nusu kilo yao, maana mipira yetu si ya namna hiyo. Itatoka kwenye chuma chake. Kwa gari dogo la kuvuta kwa magurudumu manne, kama Land Cruiser, kilo 1 na nusu hadi 1 na robo inatosha katika mchanga, na usishuke chini ya kilo 1. Kwa kamyo kubwa yenye kilo 6 au 7 na mzigo mzito, usikisie: fuata karatasi ya kiwanda cha mipira, au muulize mkubwa wa garaji. Mpira ukiwa na upepo kidogo, mwendo usipite kilometa 30 kwa saa, wala usikate kona kwa nguvu. Sharti la mwisho ndilo linalosahauliwa mno: ukirudi kwenye barabara ngumu, jaza upepo tena. Mpira uliolala ukikimbizwa unachemka na kupasuka, na kamyo yenye watu juu inapinduka. Asiye na kipimo cha upepo na pompi ndani ya gari asiguse upepo kabisa.

MZIGO NA WATU

Kamyo iliyojaa kupita kipimo inazama hata kama shofere ni bingwa. Vitu vizito, kama mapipa, simenti na vyuma, viwekwe chini, katikati, na karibu na kabini. Magunia mepesi juu. Kisha vyote vifungwe. Mzigo mzito ukirundikwa nyuma kabisa unanyanyua magurudumu ya mbele, na gari linakataa kufuata volani. Katika matope yenye mteremko wa pembeni, mzigo mrefu unaiangusha kamyo polepole, bila kelele, hata wakati inatembea mwendo wa mtu.

Sasa habari ya watu. Najua kwamba wengi wetu hatuna njia nyingine, na sitasema maneno ya bure kwamba hakuna atakayepanda juu ya mzigo. Lakini kila mara kamyo inapofika kwenye shimo la matope, wote washuke, na watoto ndio wa kwanza. Mama asibaki juu kwa kuogopa kuchafua kitambaa. Washukao wapande upande wa juu wa barabara, mbali, wala wasisimame nyuma ya kamyo, maana kamyo ikishindwa kupanda inarudi nyuma. Mwenye mimba na mgonjwa wakae kabini tangu Kolwezi. Kabini si mahali pa rafiki za shofere.

KUINGIA KATIKA MATOPE

Shofere asimame kwanza, ashuke, atembee kwa miguu katika shimo akiwa na fimbo. Dakika kumi za kutembea zinaokoa usiku mzima. Achague njia, atie mvuto wa magurudumu yote kabla ya kuingia, si baada ya kuzama. Atie vitesi ndogo na kwenda sawasawa bila kusimama na bila kubadilisha vitesi katikati. Kama gari lina kifungo cha kufunga diferansieli, kitumike kwa kwenda moja kwa moja tu, kisha kifunguliwe. Magurudumu yakianza kuzunguka bure, toa mguu mara moja. Kukanyaga zaidi ni kuchimba kaburi la gari lako mwenyewe.

Minyororo ya magurudumu, ile wanayofunga Ulaya wakati wa theluji, inasaidia pia katika udongo mwekundu unaoteleza. Katika mchanga mkavu haifai, inachimba tu. Ifungwe mahali pagumu kabla ya kuingia, kwenye magurudumu yote mawili ya mhimili mmoja, kamwe si upande mmoja. Baada ya mita chache simama, ikaze tena. Nimemtibu kijana aliyekatika vidole viwili kwa kufunga mnyororo wakati motere inawaka na shofere ameshika kilachi. Motere izimwe, fleni ya mkono ivutwe, ufunguo uwe mfukoni mwa yule anayefunga.

Vyombo vya kuchukua ni vichache: mabeleshi mawili, shoka, mbao mbili ngumu au vibao vya chuma vyenye matundu, ubao mpana wa kuweka chini ya kriki, mshipi mpana wa kuzungushia mti, glavu za ngozi, taa. Kwa kriki nasema neno moja tu: matope hayashiki kriki. Bila ubao chini yake na mawe nyuma ya magurudumu, itateleza. Mtu asiingie chini ya gari linalosimama juu ya kriki peke yake, hata kwa kuokota nati.

WAKATI WA KUVUTA

Hapa ndipo tunapopoteza watu, nami nataka nikae kidogo.

Kamba ya chuma inayovutwa kwa nguvu ni kama upinde uliokazwa. Haionyeshi kitu, imenyooka tu. Ikikatika, au ndoano ikiachia, inarudi kwa mwendo ambao jicho halioni na inakata kinachosimama mbele yake. Mnyororo nao unarusha vipande. Kamba ya nailoni inanyumbuka zaidi, kwa hiyo ikikatika inarudisha nguvu nyingi zaidi. Wengi wanadhani ni salama kwa sababu ni laini mkononi. Majeraha ya namna hii ni ya kichwa, tumbo na mapaja, na mahali palipo mbali na chumba cha upasuaji, mara nyingi hakuna la kufanya.

Basi fungeni kamba mahali palipotengenezwa kwa kuvutia, pete ya shasi au ndoano ya kiwanda. Msifunge kwenye bampa, wala kwenye kile kichwa cha mviringo cha kuvutia trela. Kichwa hicho kikivunjika kinaruka kama risasi; katika nchi mbalimbali kimekwisha kuua mashofere ndani ya kabini zao, kwa kupita katika kioo. Kama gari lina ngoma ya kuvutia mbele, hakikisheni mizunguko mitano ya kamba inabaki juu ya ngoma. Mti wa kufungia uwe mkubwa na hai, na mshipi uzungushwe chini karibu na mizizi. Katikati ya kamba wekeni blanketi zito, gunia lenye mchanga kidogo, au koti lililolowa, ili ikikatika ianguke chini.

Kisha watu waondoke. Umbali wake ni mara moja na nusu ya urefu wa kamba: kamba ya mita 20, watu wawe mita 30, na wawe pembeni, si mbele wala nyuma. Hakuna wa kuruka kamba, hakuna wa kuishika ili kuionja kama imekaza. Mtu mmoja tu ndiye anatoa amri kwa mkono, na shofere anamtazama huyo peke yake. Watoto wa kijiji watakuja kutazama, maana kamyo iliyozama ni sinema. Shofere asivute mpaka watoto wamefukuzwa. Na wale wanaosukuma kwa mabega wasimame pembeni ya magurudumu, si nyuma yake, kwa kuwa gurudumu linarusha mawe na mbao zilizowekwa chini.

MOSHI USIOONEKANA

Usiku umeingia, mvua inanyesha, kamyo haijatoka. Watu wanajifungia kabini, shofere anaacha motere iwake ili wapate joto. Kama bomba la moshi limezama katika matope au maji, moshi unarudi chini ya gari na kuingia kabini kwa matundu ya sakafu. Ndani yake kuna gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Motere ya petroli inatoa nyingi zaidi, lakini ya mazutu nayo si ya kuaminiwa. Usiku wa kuamkia tarehe 8 Januari 2022, kule Murree nchini Pakistan, theluji ilifunga barabara na watu zaidi ya 20 wakafa ndani ya magari yao. Maofisa walitaja gesi hii kuwa sababu mojawapo.

Dalili zake zinafanana na malaria na uchovu, ndiyo sababu inadanganya: kichwa kinauma, kichefuchefu, miguu inalegea, usingizi mzito. Wakiumwa kichwa watu wote wa kabini kwa wakati mmoja, si malaria. Zimeni motere, fungueni milango, watoeni wote nje hata kama mvua inanyesha, na aliyezimia apelekwe hospitali apate oksijeni. Kwa kupata joto, chukueni mablanketi.

SANDUKU LA SAFARI

Kuchimba gari kunatoa jasho jingi. Hesabuni lita 5 za maji safi kwa kila mtu kwa siku, na ya siku mbili zaidi ya safari mnayofikiri. Maji ya shimo la barabara yasinywewe bila kuchemshwa. Mwenye kuhara anyweshwe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Chandarua kiwe juu ya mzigo, si chini yake. Mtoto mwenye homa asingojee kamyo itoke. Apelekwe kwa miguu au kwa baisikeli kwenye kituo cha afya kilicho karibu.

Katika sanduku tieni vitambaa safi, bandeji pana, sabuni, na glavu za mpira. Damu ikitoka sana, bonyeza jeraha kwa kitambaa na usiachie kutazama kila mara. Kama ni mkono au mguu na damu haikomi, funga kwa nguvu juu ya jeraha kwa kitambaa kipana, kaza kwa kijiti, na andika saa uliyofunga. Aliyeangukiwa mgongo asikokotwe kwa mabega: watu wanne wamnyanyue pamoja na kumlaza juu ya ule ubao mliochukua kwa ajili ya magurudumu. Jeraha lolote lililoingia matope lioshwe kwa maji mengi na sabuni, na mwenyewe afike disipansere, hata kama ni dogo, aonwe kwa habari ya sindano ya pepopunda.