Land Cruiser ya dekonte: freni mbele, janti nyuma

Mu lupango moja ya Kikula, mu Likasi, chini ya muti wa maembe, kuko Land Cruiser moja ambayo zamani ilikuwa nyeupe. Ni pikapu HZJ75 ya miaka ya 1990, volani upande wa kushoto. Mwenyewe ni muzee aliyetumika chini ya shimo mpaka pansio, na feza ya dekonte yake karibu yote iko pale chini ya ule muti. Bibi yake anauzisha bunga ku soko. Watoto wawili wangali ku masomo. Mutoto wa kwanza, kijana wa miaka 23, njo atakuwa shofere.

Hesabu yao si ngumu. Motokari itabeba mahindi kutoka mu mashamba ya upande wa Kambove, itabeba makala, na siku ya matanga ao ya ndoa watu wataikodi. Hakuna mushahara mwingine utakaoingia mu nyumba ile.

Kijana alikuja kwetu na karatasi. Aliandika juu yake: janti za upana, mapine ya inchi 35, pareshoki ya chuma na treyi ya kujivuta mu matope, projekteri nane, galeri, bomba la kuvutia hewa juu, turbo. Chini kabisa, kwa mukono wa mutu mwingine, kulikuwa neno moja tu: freni. "Ile ni mama njo aliandika," akasema, akacheka. Tukaona heri twende kuangalia motokari yenyewe mbele ya kuandika hata mustari mumoja.

Hatuchekelei orodha ya kijana. Kila kitu alichoandika kina kazi yake fasi fulani. Lakini feza iliyobakia ilitosha kwa vitu viwili ao vitatu, siyo kwa vyote. Wazee wa Likasi na wa Kolwezi wanakumbuka mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa "départ volontaire". Wangine walinunua motokari. Ngapi kati ya zile ziliishia juu ya matofali, mu lupango, bila mapine? Kila familia inajua hesabu yake.

Wasomaji wetu wengi wanaijua hii mashine kuliko sisi, sababu waliiendesha ku kazi. Toyota ilianza kuuzisha Land Cruiser za aina ya 70 mu mwaka 1984, na mpaka leo inazitengeneza. Tangu 1990 nyingi za huku Afrika zina motere 1HZ: silinda 6, litre 4.2, inakunywa mazutu, haina turbo wala kompyuta. Mekanisie wa kartie anaweza kuifungua na kuifunga na funguo za kawaida. Mu 1999 HZJ79 ikakamata nafasi ya HZJ75: mbele wakatosha malame, wakatia resori za kuzunguka, na bulo za gurudumu zikatoka 6 zikakuwa 5. Basi mbele ya kununua janti, hesabu bulo. Inaonekana kama mambo ya watoto, lakini tumeona mutu mukubwa akirudi nyumbani na janti nne nzuri ambazo hazingii.

Motokari ya muzee ilitoka ku mine, na zile za mine zina ugonjwa wao. Fasi wanatumia asidi kwa kutosha shaba, matope yenyewe yanakula chuma, na shasi inaoza kutoka ndani, chini ya rangi nzuri. Kamata nyundo ndogo, gonga shasi pole pole toka mbele mpaka nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kama kopo tupu. Ya muzee ililia vizuri, isipokuwa fasi moja karibu na ponti ya nyuma, ambayo walikata na kutia chuma kipya.

Kiisha tukalala chini yake, na pale njo tulielewa lile neno la mama.

HZJ75 ina freni za disiki mbele na za tamburi nyuma. Juu ya ponti ya nyuma kuko fimbo moja nyembamba inayopanda mpaka ku kisanduku kidogo cha chuma kilichofungwa ku shasi. Kile ni repartiteri. Motokari ikiwa tupu, mugongo wake unakaa juu, fimbo inavutwa chini, na repartiteri inapunguza nguvu ya freni ya nyuma ili mapine ya nyuma yasikwame na motokari isigeuke mu barabara. Muzigo ukipanda, shasi inateremka karibu na ponti, fimbo inarudi juu, na freni ya nyuma inapata nguvu yake yote. Ni kifaa kisicho na akili nyingi. Hakijui kilo, kinajua tu kimo cha mugongo.

Sasa, mwenye motokari wa kwanza alikuwa ameongeza malame matatu nyuma ili ibebe sana. Inabeba, kweli. Lakini hata na magunia kumi na mawili ya kilo 50 mugongo unabakia juu kama vile haijabeba kitu, na repartiteri inaamini hakuna muzigo. Freni ya nyuma inashika kidogo tu. Ya mbele inafanya kazi ya zote mbili, plaketi zinachomeka. Mu fasi ya sawasawa hakuna mutu anayeona kitu. Mu muteremko ni habari ingine.

"Mi nilikuwa yulu ya magunia," mama akatuambia, akiendelea kuchambua maharagi. "Tulikuwa tunatoka Kambove. Niliona yee anakanyaga, anakanyaga, motokari inaenda tu. Nikasema, leo batoto batabakia peke yabo." Kijana akaangalia chini. Alikuwa amesimamisha motokari kwa kurudisha vitesi na kuingia mu majani pembeni ya barabara. Baba yake alikuwa hajaambiwa mpaka siku ile.

Muzee hakusema neno. Alizunguka motokari mara moja, akarudi, akamwambia mekanisie: "Anza na ile."

Kazi ilikamata siku tatu. Mekanisie alitosha malame mawili kati ya yale matatu, na ile iliyobakia akaiacha kwa sababu mashimo ni mengi. Kiisha akarekebisha urefu wa ile fimbo. Fleksible za freni, zile nyoya za mpira, zilikuwa za tangu motokari ilipotoka ku kiwanda. Kwa inje zilionekana nzima, lakini ndani zilikuwa zimevimba, mafuta yanapita kwa shida. Zilibadilishwa zote. Tamburi moja ya nyuma ilikuwa imejaa mafuta ya ponti, sababu juwani ilikuwa imekufa. Garnitire iliyolowa mafuta haishiki, na kuikausha na petroli ni kujidanganya. Mafuta ya freni nayo yalitoka meusi kama kahawa.

Kama feza inaruhusu, kuko malame na amortisere zilizotengenezwa kwa ajili ya muzigo. Zinazojulikana sana zinatoka Australia, kama Old Man Emu za kampuni ARB, iliyoanza Melbourne mu mwaka 1975. Zinachaguliwa kwa kilo: motokari itabeba ngapi kila siku, siyo siku moja mu mwaka. Malame ya kilo 600 juu ya motokari inayotembea tupu itakuvunja mugongo wewe mwenyewe. Na mutu anayekuuzia malame bila kukuuliza utabeba nini, mwache. Tena ukiinua motokari, kwa malame yoyote, mwambie mekanisie aangalie repartiteri na urefu wa fleksible siku ile ile.

Mapine ya inchi 35 tuliyapiga vita waziwazi. Pine ya kawaida ya hii motokari, 7.50R16, ina kimo cha sentimita 80 hivi. Ya inchi 35 inafika 89. Saa ya mbele ikionyesha 80, wewe unakimbia karibu 89. Motere inavuta kwa shida kupanda, freni inapigana na gurudumu kubwa zaidi, na zile pivo za mbele, kama zimechakaa, zinaanza kutetemesha volani mpaka mikono inaumia. Kijana alitaka mapine yale sababu aliyaona ku motokari ya patron moja. Patron ana feza ya pivo mupya kila mwaka.

Neno moja kwa familia: janti za zamani za hii motokari nyingi zina sekele ya chuma inayoshikilia pine. Wakati wa kujaza upepo, sekele isipokaa vizuri inaruka kama risasi. Watu wa mapine makubwa mu mine wanajua, ndiyo maana wanajaza ndani ya kizimba. Pembeni ya barabara hakuna kizimba. Basi wapeleke watoto mbali, hata kama wanapenda kuangalia.

Turbo, tunaelewa. Kolwezi iko kwenye kimo cha metre zaidi ya 1,400, hewa ni nyepesi, na motere isiyo na turbo inapoteza pale zaidi ya sehemu moja juu ya kumi ya nguvu zake. Lori la asidi liko mbele yako, unataka kulipita, motokari haitaki. Lakini 1HZ haikutengenezwa kwa turbo. Mazutu yake yanaanza kuwaka mu chumba kidogo ndani ya kilasi, na joto linabakia mule. Ukiongeza hewa na mazutu bila saa ya kupima joto la moshi, kilasi inapasuka, kiisha pistoni. Wangine wanafanya vizuri, kwa upole, na motokari inadumu. Kwa motere ambayo hakuna anayejua kilometre zake, hapana.

Na kilometre zenyewe? Saa ya muzee inaonyesha 140,000. Hatuamini. Ile motere ina kurwa ya distribisio inayopaswa kubadilishwa kila kilometre 100,000. Taa ya T-BELT inawaka mbele ya shofere kumukumbusha, lakini taa inaweza kuzimwa. Ikikatika, valvu zinagonga pistoni. Kurwa mupya na galeti yake ni feza kidogo ukilinganisha na motere. Ilibadilishwa siku ile ile na pompi ya maji.

Kitu kimoja cha orodha ya kijana tulikitetea: bomba la kuvutia hewa juu. Watu wanafikiri ni la kuvuka mito. Kwetu, kutoka mwezi wa tano mpaka wa kumi, kazi yake ni mavumbi. Nyuma ya lori, mavumbi mazito yanakaa chini. Kwenye kimo cha paa yamepungua. Lakini jointi zote kutoka juu mpaka ku filtre zinapaswa kufungwa kabisa. Tundu la ukubwa wa kichwa cha musumari nyuma ya filtre linatosha kumaliza silinda. Pitisha kidole ndani ya bomba, upande wa motere: kikitoka na mavumbi, usiwashe tena.

Projekteri nane za wati 55 zinaomba ampere karibu 37 ku batri ya volti 12, na waya za zamani zinaungua. Mbili zinatosha, na rileyi na fyuzi yake. Pareshoki ya chuma inaweza kufika kilo 60, treyi 40 na zaidi: ni magunia mawili ya mahindi ambayo hautalipwa.

Kinachotuuma ni kingine. Mu mine nyingi hakuna mutu anayeruhusiwa kupanda nyuma ya pikapu bila kiti na mukaba, na juu yake kuko arso ya chuma kama motokari ikipinduka. Kuko hata mine ambazo zinafunga freni za Australia, zinazotumika ndani ya mafuta mu kisanduku kilichofungwa, ili matope yasizifikie. Tunakubali sheria zile miaka makumi tatu, tunasaini karatasi kila asubui. Kiisha tunarudi ku nyumba na tunapandisha bibi yetu juu ya magunia.

Feza ya projekteri sita na ya galeri ilienda ku arso. Sudere wa kartie aliifunga na bulo ku shasi, na sahani za chuma chini, siyo ku bodi. Aliweka banki moja nyuma ya kabini na mikaba mitatu iliyotoka ku basi iliyokufa. Si ya mine, lakini inashika.

Siku ya posho asubui tulirudi. Walipakia magunia kumi na mawili, na muzee mwenyewe akakamata volani. Fasi ya sawasawa, kilometre 40 kwa saa, akakanyaga: motokari ikasimama bila kuvuta upande. Akarudia mara tatu. Kiisha wakaenda muteremko wa Kambove, mama ndani ya kabini, mukono wake umeshika mulango. Waliporudi alishuka, akasema anaenda ku soko, saa zimepita.

Kijana alikuwa chini ya motokari na kopo ya rangi nyekundu. Alipaka mustari juu ya bulo ya ile fimbo ya repartiteri, ili ajue kama mutu ataigusa. Alituuliza, akiwa pale pale chini, kama janti za upana za bulo 6 zinapatikana Lubumbashi. Baba yake akajibu mbele yetu: "Nyuma ya mahindi."