Kabla Hujanunua Land Rover ya Zamani

Ukiuziwa Land Rover ya miaka ya 1960, usiridhike na bodi inayong'aa. Motokaa hizo zilianza kutengenezwa Solihull, Uingereza, mwaka 1948, chuma kikiwa haba baada ya vita. Ndiyo maana bodi zake zilifanywa kwa alumini, isiyoshika kutu ya chuma. Lakini fremu ya chini ni ya chuma, nayo huoza kutoka ndani pasipo kuonekana. Hapo ndipo fedha ya ng'ombe wako hupotea.

Basi vaa nguo za shamba, ulale chini yake. Gonga fremu kwa nyundo ndogo, hasa upande wa nyuma, matope yanapojikusanya. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti nzito. Ukikuta lami mpya imepakwa, mshuku muuzaji, hata akiwa shemeji yako.

Fremu huweza kuchomelewa. Fundi aondoe kwanza tangi la petroli, hata kama ni tupu, maana mvuke uliobaki ndani hulipuka.

Sasa breki, kwani humo mtapanda watoto. Nyingi za miaka ile zina njia moja tu ya mafuta ya breki: bomba moja likitoboka, magurudumu yote manne hayashiki. Kanyaga pedali, uishikilie. Ikizama polepole, pana uvujaji. Wala fundi asikutilie oili ya injini mahali pa mafuta ya breki, huharibu mipira yake. Ukipata fedha ya kuiboresha, weka kwanza breki za njia mbili. Rangi itangoja mavuno yajayo.